Roketi ya Timu ya Saba

"Wali umeiva," ilisema sauti sikioni mwa Kung.

Kung hakuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha saladi ya papai bichi, jasho likimchuruzika mpaka kwenye nyusi, mkono wa kulia ndani ya kikapu cha wali wa kunata.

"Wanakula wangapi?"

"Watatu. Saa tisa na nusu. Meza imetandikwa mtoni."

"Nani kapika?"

Kanali Thawat, mkuu wake, akapumua kwa nguvu huko Bangkok.

"Sikiliza, tuuache huu wali. Nusu ya maneno yake nimeyasahau. Hicho kidude cha sikioni ni salama?"

"Kwa bei mliyokinunulia, afande, ninakiombea dua."

Kwenye faili za Idara ya ujasusi aliitwa Wakala 31. Hapa Tha Sai, mji wa mpakani uliobandikwa ukingoni mwa mto Khong kama kupe, alizaliwa mwekundu na amejikunja, wakamwita Kung, yaani uduvi. Alikuwa amerudi jana. Miaka minne hakuwa amekanyaga.

"Ni Kraisorn," alisema Kanali.

Kung alitafuna polepole. Wezi wengine huiba mtoni. Kraisorn aliuiba mto wenyewe, tishari baada ya tishari, mchanga ukienda kwa magendo kujenga maghorofa ya watu wasioijua Tha Sai hata kwenye ramani. Kingo zilikuwa zikiporomoka na nyumba juu yake.

"Leo wapimaji watatu wa ng'ambo zote mbili wanapita na boti kupima mafungu ya mchanga. Wakitia sahihi, biashara yake imekufa. Mvua ikitangulia, mafungu yatazama, naye amepata mwaka mwingine. Lakini mvua yenyewe haiamini. Kwa hiyo ameleta fundi wa kigeni. Holm."

"Holm wa makombora?"

"Huyo huyo. Kati ya roketi mnazorusha leo kwenye sherehe ya kuomba mvua, moja haiendi mawinguni. Inakwenda kwenye boti. Dunia itasema walevi wa sherehe wamekosea shabaha."

"Ipi?"

"Ningeijua ningekupigia?"

"Basi simamisheni boti."

"Hapana." Sauti ya Kanali ikawa baridi. "Anayemlipa Kraisorn yuko hotelini ng'ambo, anasubiri kuona moshi ndipo atoe pesa, na hapo ndipo tutamkamata. Boti isipotokea, ataruka na ndege ya jioni. Miaka miwili nimemfukuza. Boti itapita kama ilivyopangwa. Wewe tafuta roketi. Ukiipata, vizuri."

"Na nisipoipata?"

"Tutakuwa tumempata mlipaji."

Kung aligeukia mtoni.

"Nahodha wa boti ni nani, afande?"

Karatasi zikachakarika. "Mzee mmoja wa hapo hapo. Thongdee."

Kung alikitazama kikapu. Wali ulikuwa umegeuka mchanga mdomoni.

Kwenye faili la Wakala 31, mahali pa kuandika baba, palikuwa na neno moja: marehemu. Alikuwa ameliandika mwenyewe, miaka tisa iliyopita, ili asiwepo mtu wa kumtishia naye.

Marehemu Thongdee alikuwa hai, mzima, na mkaidi kama injini yake.

Saa tisa kasoro dakika kumi.

Kanali alikata. Kung akavunja amri kabla hajameza mate. Alitoa simu yake nyingine, Nokia ndogo ya vibonyezo, akapiga namba aliyoijua kwa moyo.

Iliita mara sita.

"Haloo! Nani?"

"Baba, ni mimi. Kung."

Nyuma yake injini ilikuwa ikikohoa. "Kung gani?"

"Usiendeshe boti leo. Sema unaumwa. Nakuomba, baba."

"Mimi nina binti anaitwa Kung," alisema mzee taratibu. "Yuko Bangkok, anauza bima. Ana shughuli nyingi sana yule. Hata mama yake alipofariki na kuchomwa pale hekaluni hakupata nafasi ya kuja. Kwa hiyo wewe utakuwa Kung mwingine."

"Baba, sikiliza..."

"Umekosea namba, mama."

Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

"Mtoto wa Thongdee!" Bi Bunma, mwenye kibanda, alikuwa akitwanga papai na pilipili kana kwamba vimemkosea. "Umekonda kama utambi. Huko Bangkok chakula mnakitazama tu? Na hiyo bima yako, inamlipa mtu akitupwa topeni? Maana leo nina wateja."

Aliashiria kwa mchi. Chini ya meza lilikuwepo beseni kubwa la plastiki, limejaa simu, pochi, funguo za pikipiki na hirizi za shingoni.

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Roketi ikiruka, timu yake inabebwa juu juu. Ikizima, mji mzima unaikamata timu na kuitosa kwenye dimbwi la tope, na anayetangulia ni mfadhili, hata akiwa diwani. Hakuna mwenye akili timamu anayekwenda uwanjani na simu mfukoni.

Kung aliweka kikapu chini.

"Shangazi, timu zote zimekuachia vitu?"

"Zote kumi na moja." Bi Bunma akasita. "Mwongo mimi. Kumi. Wale vijana wa Kraisorn, timu ya saba, nimewaita mara mbili. Wananiangalia kama nawauzia nyoka. Viatu vyeupe! Kwenye dimbwi! Waache tu, watatueleza."

Viatu vyeupe. Simu mifukoni. Watu wasiopanga kuwepo hukumu ikitoka.

Idara ilikuwa imempa Kung rangi ya mdomo ya baht laki mbili, inayogeuka kijani ikigusa baruti ya kijeshi. Beseni la baht themanini lilikuwa limeishinda.

Alitembea haraka mpaka kwenye uzio. Ngazi kumi na moja za mianzi za kurushia roketi zilisimama uwanjani, kila moja ndefu kama mnazi, zote zimeelekea mawinguni. Ya saba ilikuwa imelala kidogo. Kidogo tu. Imelala kuelekea pale mto unapopinda na mkondo kubanwa na mafungu ya mchanga, mahali ambapo boti lazima ipunguze mwendo.

"Dada, rudi nyuma!" mlinzi wa uzio alimfokea. "Wanawake hawapiti hapa. Unataka roketi za watu zife?"

Alirudi nyuma. Akarudi mpaka kibandani.

"Shangazi. Roketi ya timu ya saba itamuua baba."

Mchi ukasimama hewani.

Bi Bunma hakuuliza bima imemfundishaje hayo. Aliuliza jambo moja tu: "Unataka nini?"

"Kuingia mle ndani."

"Mwanamke haingii."

"Na mwanamume aliyevaa kike?"

Bi Bunma alimtazama. Uwanja mzima ulikuwa umejaa madume ya aina hiyo, wakulima wa mpunga wenye vigimbi, wamevaa sketi za wake zao na kupaka poda, wakicheza mbele ya ngoma kwa sababu sherehe bila wao si sherehe.

"Ee Buddha wangu," alisema, akachukua mkaa.

Dakika tano baadaye, mwanamke aliyejifanya mwanamume aliyejifanya mwanamke alitoka nyuma ya kibanda. Masharubu ya mkaa. Mapapai mawili kifuani, moja limekaa chini kuliko mwenzake. Sketi ya Bi Bunma ilimbana kiasi kwamba bastola yake, Glock ya kazini, ilibidi ibaki chini ya kabichi. Alijipaka ile rangi ya mdomo ya Idara, akabeba koleo dogo ndani ya kilemba, na chupa ya pombe ya mchele.

"Ongeza mabega," Bi Bunma alimwagiza. "Tembea kama mtu mwenye madeni na hajali."

Mlinzi wa uzio alimpiga kibao cha matako na kumpitisha. "Wewe ni mbaya kuliko wa mwaka jana!"

"Na mkeo ndiye aliyenipamba!" Kung alijibu kwa sauti nzito. Watu wakacheka.

Saa tisa na dakika kumi na nane.

Kraisorn alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, miwani ya Ray-Ban, mnyororo wa dhahabu. Vijana wake watano walisimama wakitazama saa. Hawakucheza. Hawakulewa. Karibu na kisanduku cha kitufe alichutama Holm, shingo nyekundu kama nyanya, darubini mkononi.

Kung alijitupa katikati yao huku akikata kiuno.

"Kaka tajiri! Nioe!"

"Mtoeni huyu," alisema Kraisorn.

"Mahari nusu! Papai moja tu!"

Umati ulilipuka kwa kicheko. Kijana mmoja alimshika mkono. Kung alimzungusha kana kwamba ni dansi, akamwachia, kijana akala vumbi. Makofi. Kabla wa pili hajafika, alikuwa kwenye ngazi, anapanda, chupa ikining'inia menoni.

"Shuka!"

"Anampandia bwana harusi!" alipayuka mshereheshaji kwenye spika. "Mwacheni, mwacheni! Ana nyege na mbingu!"

Kijana wa Kraisorn aliingiza mkono ndani ya shati. Kraisorn akamzuia. Macho elfu tatu yalikuwa yanatazama.

Kung alilikumbatia bomba la roketi. Roketi za wengine zilinuka shura na makaa, baruti ya kuchanganya nyumbani. Hii haikunuka kitu. Aliibusu, akaiachia alama ya mdomo.

Alama ikageuka kijani.

Alipitisha koleo nyuma ya bomba, akatafuta waya kwa vidole, akakata.

Kwenye mpindo wa mto, boti ilitokea.

Chini, Holm alibonyeza kitufe.

Hakuna.

Akabonyeza tena.

"Wapendwa wananchi," alisema mshereheshaji, na kilio cha furaha kikaanza kupanda, "timu ya sabaaa..."

"Imezimaaa!"

Walikuja kama mafuriko. Wakulima, wauza barafu, walimu wawili wa shule ya msingi, madume yenye sketi. Kraisorn alisimama akanyoosha kidole, labda kuwakumbusha yeye ni nani. Walimkumbuka vizuri. Mfadhili! Mfadhili kwanza! Miguu yake ilionekana juu ya vichwa vya watu, viatu vyeupe vikipiga hewa, kisha tope likamfunga mdomo. Vijana wake walifuata. Mmoja alitoa bastola. Bibi mmoja alimpokonya, akaitupa dimbwini, akamkaripia kwa kuleta mchezo wa kipumbavu kwenye sherehe.

Lakini Holm hakuwemo.

Ngazi ilitikisika. Kung alitazama chini. Mgeni alikuwa akipanda, haraka, kibiriti cha gesi menoni. Kulikuwa na utambi wa akiba.

Boti ilipunguza mwendo. Kutoka huko juu Kung aliiona kofia ya majani ya nahodha. Mzee alikuwa amesimama, anawaelekeza wapimaji kwa mkono, anawaeleza kitu. Bila shaka anajisifu.

Alimpiga Holm teke la kichwa. Holm alimeza teke, akamshika kifundo cha mguu, akajivuta. Papai moja lilitoka na kumpasukia usoni. Haikusaidia. Mwali ukawaka. Utambi ukashika.

Sekunde nne. Labda tatu.

Kung alifumbata utambi unaowaka kwa kiganja kitupu, akavuta. Ngozi ilichemka. Haukutoka. Akapiga kelele, akauzungusha mkononi, akavuta kwa uzito wake wote, na alipoachia ngazi, utambi ulikuja naye, na Holm pia, mpaka dimbwini chini yao.

Tope lilikuwa la vuguvugu, na lilinuka nyati.

Alipoinua kichwa, boti ilikuwa inapita polepole mbele ya uwanja. Nahodha alivua kofia kuwasalimia warusha roketi, kama alivyofanya kila mwaka.

Kidude cha sikioni kilikwaruza. "Thelathini na moja! Naambiwa hakuna moshi!"

"Hautakuwepo, afande."

"Mlipaji ameshaita teksi ya uwanja wa ndege. Miaka miwili! Nilikwambia roketi, sikukwambia ufanye sarakasi nzima mbele ya mji. Ulikuwa na haraka gani?"

Kung alimtazama Holm, aliyekuwa amekaliwa na madume mawili yenye sketi yakimlazimisha kunywa pombe ya mchele.

"Holm yuko hai. Anamjua mlipaji. Mwulizeni leo leo, kabla hawajamlewesha kabisa."

"Nitahitaji maelezo. Ya maandishi."

"Sawa, afande."

"Na kwenye boti, kulikuwa na mtu unayemjua?"

Alikitoa kidude sikioni, akakizamisha topeni kwa kidole cha gumba, mpaka mwisho.

Gati la boti lilikuwa njiani kuelekea barabara kuu, ambako Hilux ya Idara ilikuwa ikimsubiri na injini inanguruma. Hakukuwa na njia nyingine. Aliinamisha kichwa, masharubu ya mkaa yamemwagika mpaka kidevuni, papai moja kifuani, mkono ulioungua umefungwa kwa kitambaa cha kilemba.

Mzee Thongdee alikuwa akifunga kamba. Wapimaji watatu walikuwa wameshapanda juu, wanasifia karatasi zao zilizokwisha kutiwa sahihi.

"Wewe kijana," aliita mzee. "Ndiye uliyepanda ile ngazi?"

"Ndiye, mzee." Sauti nzito. Nzito kadiri alivyoweza.

"Tangu mke wangu afe sijacheka vile. Nusura niipandishe boti kwenye fungu la mchanga." Alikaza fundo. Akalikagua. "Mkono umefanya nini?"

"Umeungua kidogo."

"Hebu."

Alikishika kiganja, akafunua kitambaa, akakitazama muda mrefu. Kisha akatazama uso, tope, masharubu. Alifunga kitambaa tena, vizuri zaidi kuliko kilivyokuwa.

"Timu gani wewe?"

"Ya nne."

"Haya, timu ya nne." Mzee aliinama kuchukua dumu lake la dizeli. "Kidonda hicho kinataka shubiri. Ile ya mama yako bado ipo, nyuma ya jikoni. Namwagilia."

Akaanza kupanda ngazi za gati bila kumngoja.

Huko barabarani Hilux ilipiga honi. Mara moja. Mara mbili.

Kung alipanda nyuma ya baba yake, hatua tatu nyuma, sketi ikidondosha tope. Walipofika juu mzee alikata kushoto kwenda mtaani. Dereva wa Idara alishusha kioo, akatoa kichwa, akapunga mkono.

Kung alilipita gari bila kugeuza shingo.