Mkwe wa Redioni na Mkwe wa Jikoni

Jamani, nyumba ile ilikuwa na amani yake. Kila asubuhi mama mkwe alikaa karibu na dirisha, redio ndogo ya betri mapajani kama mtu aliyepakata mjukuu, akimeza vidonge vyake vya kisukari. Mke wa mwanawe akipita mbio kuwahi kazini, lazima aulizwe.

"Leo utasoma nini?"

"Nitakachokikuta, Mama."

"Basi soma vizuri. Jana ulikuwa na haraka kama unafukuzwa."

Mwanamke huyo alikuwa msoma habari. Watu waliijua sauti yake kuliko sura. Sokoni alipita bila kutambuliwa, lakini akisema neno moja tu, vichwa vinageuka. Mama mkwe alijivuna kwa majirani: mkwe wangu akisema redioni, limekwisha. Lakini mkwe huyohuyo akisema nyumbani kwamba sukari imezidi kwenye chai, mama alimkatiza. "Wewe ni mkwe wa jikoni. Una maneno kama wakwe wote. Mimi namsikiliza yule wa redioni." Mwanawe, fundi cherehani, alicheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. Msicheke naye sana. Mwiba ulikuwa hapo.

Mnakumbuka zamani habari moja ilivyoulizwa kwa huyu na kwa yule kabla haijasomwa? Wapo wanaotaka tusahau, na ndiyo maana tunakumbuka. Matangazo ya biashara yalipohamia kwenye simu za mkononi, chumba cha habari kilianza kupoteza watu kama kinywa kinavyopoteza meno. Mhariri akaenda, waandishi wakaenda, vikabaki viti. Siku moja meneja akamwita msoma habari ofisini.

"Dada, zamu za usiku zitakuua," alisema, mpole kama maji ya mtungini. "Isomee kompyuta maneno kidogo, ijifunze sauti yako. Usiku itasoma yenyewe, nawe ukalale kwako."

Nani angekataa kulala kwake? Alisoma alivyoambiwa. Hakuuliza sauti ile itatumwa wapi tena. Ndugu zangu, ukimwazima mtu panga, humuulizi anakwenda kukata nini?

Haukupita muda, mumewe akampigia simu asubuhi akiwa njiani kwenda kazini. "Geuza, uje hospitali. Mama ameanguka."

Alimkuta amelala, midomo imekauka, maji yanaingia mkononi kwa mpira. Daktari alisema sukari imepanda mno. Mgonjwa aliacha dawa siku nyingi.

"Mama, nani alikwambia uache vidonge?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Redioni, usiku. Ulisema vidonge vinaharibu figo, tunywe shurubati ya mizizi. Nimenunua, nimekunywa. Sasa unaniuliza nini?"

Msoma habari akamwinamia. "Mama, yule si mimi. Ni kompyuta, imeiga sauti yangu."

"Naijua sauti ya mkwe wangu."

"Mkwe wako ndiye mimi hapa."

"Wewe ni wa jikoni," alisema mama.

Nesi alileta vidonge, mama akavirudisha. Alileta sindano, mama akaficha mkono chini ya shuka. Mwanawe alipiga magoti. "Mpaka niambiwe redioni," mama alimjibu. Daktari aliwavuta wawili wale kando. "Maji peke yake hayatoshi. Asipokubali dawa leo, kesho siwaahidi."

Msoma habari alifika kituoni bila kumsalimia mtu.

"Ni tangazo la biashara tu," meneja alisema.

"Lina sauti yangu."

"Ulitupa mwenyewe."

"Niliwapa ya kusoma habari."

"Habari hailipi, dada. Mwenye shurubati ndiye anayelipia umeme wa kipaza sauti chako. Au unataka tufunge, wote tukahesabu nguzo barabarani?"

"Mama mkwe wangu anakufa."

Meneja alikuna kidevu. "Pole sana. Tutaliondoa muda wake ukiisha."

Mmesikia? Muda wake ukiisha. Wa tangazo, si wa mama.

Alitamani kumrushia bilauri iliyokuwa mezani. Lakini hasira ya ofisini isingefika wodini. Njia ya kufika kule ilikuwa studio peke yake. Taarifa ya mchana bado aliisoma mwenyewe. Akampigia mumewe: weka redio sikioni kwa mama. Kisha akaingia. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, waliyemwita Waya kwa wembamba wake, na Waya alikuwa amesikia yote kupitia ukuta.

"Ukitoka nje ya karatasi, kazi yangu ni kukukata," alisema. "Nitakukata, dada. Ila siku hizi mkono wangu mzito."

Taa nyekundu ikawaka.

"Msikilizaji, tangazo la shurubati unalolisikia hapa si mimi. Ni kompyuta inayotumia sauti yangu. Mwenye kisukari asiache dawa za daktari." Akasita. Hata haya kompyuta ingeweza kuyasema, na mama angesema hivyohivyo. "Na wewe mama mkwe wangu uliyelazwa, ili ujue ni mimi: lile kopo la sukari uliloficha nyuma ya cherehani, naliona siku zote. Nilinyamaza nisikuaibishe. Meza dawa, Mama. Wa jikoni na wa redioni ni mmoja."

Meneja aligonga kioo kwa viganja viwili. Waya alikuwa anakitafuta kitufe, maskini, na kitufe hakionekani.

Alipokimbilia wodini, mumewe alimpokea mlangoni akicheka huku machozi yanamtoka. Mama amemeza. Amekubali na sindano. Alipolisikia kopo, alijifunika shuka usoni, wagonjwa wote wanamtazama. "Amenitangaza," alisema ndani ya shuka. Baadaye akatoa mkono. "Kompyuta haijui kopo langu. Nesi, leta hivyo vidonge."

Meneja alimfukuza kazi jioni ile. Wasikilizaji walipopiga simu mpaka mpokea simu akakauka koo, alimrudisha. Msoma habari alirudi kwa sharti lake: tangazo lisisikike tena, na kompyuta isahau sauti yake. Zamu za usiku akazichukua upya, akipiga miayo, roho imetulia.

Mama yuko dirishani na redio yake, anameza dawa. Kopo nyuma ya cherehani halipo tena. Limehamia kabatini, chini ya mashuka. Msoma habari analijua, na mama anajua kwamba analijua, na sukari humo haipungui hata kijiko.

FUNZO

Wenye vituo: sauti ambayo watu wameiamini miaka mingi si bidhaa yenu ya kumpangisha mwenye shurubati. Wafanyakazi: mkiombwa kitu kwa upole, ulizeni kinakwenda wapi. Na sisi wasikilizaji, tuache kumdharau aliye jikoni kwa sababu tu hana mawimbi. Yule wa redioni hajui tunaumwa. Aliyetupikia chai ndiye aliyeona kijiko cha sukari.