Huzuni ya Mtumba

"Usizime! Paska, usizime!"

Fabian aliudaka mkono wa Paskazia kabla haujafika kwenye redio.

"Si nyimbo zimeisha?"

"Zimeisha za wazi. Hawa jamaa huwa wanaficha wimbo mmoja mwishoni. Unasubiri kimya kipite, halafu unatokea. Anayezima mapema ni mshamba."

Basi wakakaa wakisikiliza kimya. Ilikuwa Jumapili mchana, chumbani kwa Paskazia, Nkuhungu, bati linachemka juu ya vichwa vyao, na mwanaume mzima amevaa shati jeusi la mikono mirefu, vifungo hadi kooni. Mkononi alikuwa na soksi aliyoikata vidole akaifanya pambo. Nywele alizitia dawa zikalala, akazivutia upande mmoja zikafunika jicho la kushoto, kwa hiyo alikuwa anavuka barabara za Dodoma kwa jicho moja. Mwenyewe aliita staili.

Wimbo ukatokea kweli. Kijana wa Kimarekani akaanza kulia na gitaa lake.

"Huyu analia nini?" Paskazia akauliza.

"Ameachwa."

"Si aliachwa kwenye albamu ya kwanza?"

"Ile aliachwa na msichana wa shuleni kwao. Hii ya pili ameachwa kipindi cha theluji."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu yeye ndiye anayeacha, lakini inamuuma zaidi."

"Na hiyo ya nne unayoisifia kila siku?"

"Ya nne wamerudiana, akagundua hampendi. Ndiyo albamu yao bora."

"Fabi, huyu mtu hana kazi nyingine?"

Fabian akamgeuzia lile jicho moja. Lilikuwa limejaa machozi.

"Huwezi kuelewa, Paska. Wewe hujawahi kuumia."

Hujawahi kuumia! Anaambiwa mwalimu wa shule ya msingi aliyemzika baba yake, anayefundisha darasa ambalo nusu ya watoto wanakaa sakafuni. Lakini ndivyo soko huria lilivyotufanyia. Mipaka ilifunguliwa, yakaja magauni ya mtumba, viatu vya mtumba, friji za mtumba, na mwisho tukaletewa huzuni iliyokwisha kutumika na Wamarekani, na wapo walioipokea kama mpya.

Fabian aliletewa na binamu yake aliyekuwa Marekani. Alitumiwa sidii zote za bendi ile, zimechubuka maana zilinunuliwa zimeshachezwa, naye akazihamishia kwenye kaseti kwa rafiki yake mwenye deki, akampa Paskazia moja baada ya nyingine. Fabian alikuwa karani katika ofisi fulani mjini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kanda za mikutano na kuchapa yaliyosemwa, na pale ofisini kanda ikishachapwa haihifadhiwi, inarekodiwa kikao kingine juu yake. Tabia hiyo alitoka nayo hadi nyumbani. Kanda tupu hakuwahi kununua maishani mwake.

Na Paskazia alimpenda. Nalisema hili bila kulipamba, maana nanyi mmewahi kupenda visivyopendeka. Wanaume aliowajua hawakuwa watu wa kusema. Huyu alisema, tena alisema mno. Asubuhi moja simu aliyoining'iniza shingoni kwa kamba, kama walivyofanya wote wenye simu miaka ile, ilileta ujumbe:

"BILA WEWE MIMI NI JANI JUU YA THELUJI. DAMU YANGU INAGANDA."

Paskazia alijibu: "Ukija pitia sokoni uniletee nyanya." Lakini ule ujumbe aliusoma tena na tena, na hakuufuta.

Posa ikapangwa. Jumamosi, Mkonze, nyumbani kwa mama yake Paskazia. Mshenga alikuwa Henry, karani mwenzake Fabian, kijana mpole wa kutoa jasho. Mposaji mwenye haya hubaki kwake akasubiri majibu. Fabian alikuja mwenyewe, shati jeusi, soksi mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu Shangazi Anjelina, dada wa marehemu baba, mwanamke ambaye hajawahi kumeza neno. "Umeungua mkono, mwanangu?"

"Hapana, shangazi. Ni fasheni."

"Pole sana."

Henry akakabidhi barua kwenye sahani, imefunikwa kitambaa. Ikapokelewa vizuri. Pilau likaletwa. Hapo Fabian akachomoa kaseti mfukoni.

"Nimemrekodia mama mkwe zawadi. Ile albamu ya nne. Nilirekodi juzi tu, hata Paska nakala hii hajaisikia."

Mama akashukuru, akaiweka kwenye redio. Yule Mmarekani akaanza kazi yake. Watu wakawa wanakula wakitazamana.

"Huyu amefiwa?" Shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi. Wamerudiana na mpenzi wake, ila hampendi."

"Si amwambie? Anatupigia sisi kelele za nini?"

Nyimbo zikaisha. Baba mdogo Ulimboka, aliyekaa karibu na redio, akanyoosha mkono kwa furaha isiyofichika.

"Usizime, baba mdogo," Paskazia akamwahi. "Wanaficha wimbo mwishoni. Tusubiri."

Fabian akatikisa kichwa kwa fahari, mdomo umejaa. "Umeona? Nimemfundisha."

Kimya kikapita. Kanda ikakwaruza kidogo, ikabofya, kisha ikatoka sauti nzito ya mchungaji:

"Fabian Ludovick, je, unakubali kumchukua Sidonia binti Batholomeo kuwa mke wako wa ndoa, katika shida na raha, hadi kifo kitakapowatenganisha?"

"Ndiyo, nakubali."

Sauti ile ya kukubali ilikuwa ileile iliyokuwa ikitafuna pilau pale mezani. Vigelegele vikajaa sebuleni, vikafuatwa na kwaya ikiimba Kigogo kwa ngoma.

"Huo ndio..." Fabian akameza tonge zima. "Huo ndio wimbo wa siri."

"Wa Wamarekani?" Shangazi akauliza.

"Wanajaribu mitindo ya Kiafrika."

"Kigogo?"

"Siku hizi wanachanganya, shangazi."

"Na huyo mchungaji aliyekutaja wewe na baba yako, ndiye anayepiga gitaa?"

Henry akaweka sahani chini. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye kola.

"Wazazi wangu, nisameheni. Mimi niliambiwa walishaachana."

"Mke yuko wapi?"

"Mvumi, shangazi. Nyuma ya hospitali. Yeye na mtoto wao, Nikodemo. Jumapili iliyopita huyu alikuwa huko, alirudi na mfuko wa karanga na kaseti za zamani."

"Kimoyo tulishaachana!" Fabian akalia. "Kimoyo! Nyie hamjui maumivu niliyonayo!"

Machozi yakamtiririka. Yalikuwa machozi ya kweli, na hapo ndipo aliponichefua zaidi. Alijililia mwenyewe mbele ya sahani ya watu, na nywele zikamwangukia kwenye pilau.

Paskazia alisimama.

"Wewe una albamu nne, Fabi. Hii ndiyo ya tano. Kwenye hii umeachwa posani."

"Paska, nipe hiyo kanda."

"Kanda umempa mama. Zawadi hairudi."

Shangazi akaichukua barua, haijafunguliwa, akamwekea Henry mapajani pamoja na sahani yake.

"Mwanangu, wewe maliza kula, huna kosa kubwa. Mwenzio atasubiri nje, ajililie kwa nafasi."

Usiku ule Paskazia alilia, tena sana, kwa sababu alikuwa ameshajiona mke wa mtu. Jumatatu akaomba ruhusa shuleni, akaitia ile kaseti kwenye mkoba.

"Unaipeleka ya nini?" Shangazi akamuuliza. "Itupe jalalani."

"Harusi ya mwanamke mwenzangu siwezi kuitupa, shangazi."

Huko Mvumi alimkuta Sidonia anabangua karanga uani, mwanamke mrefu, kanga imekazwa kiunoni. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi simu ya shingoni.

"Karibu. Umetoka kwa Fabian?"

"Umejuaje?"

"Walimu, wauguzi, makarani. Mnakuja mmevaa vizuri, mmechoka macho. Umekuja kunitukana au kuniomba radhi?"

"Nimekuja kukurudishia kitu, dada."

Sidonia aliipokea ile kaseti, akaigeuza. Juu ya karatasi yake palikuwa na jina la bendi kwa wino mweusi, na chini ya wino yalionekana maandishi ya zamani ya penseli. Akazisogeza karanga kando.

"Aliniambia imeliwa na redio."

Akaingia ndani, akarudi na redio ya betri, wakaketi wote wawili kwenye mkeka. Mmarekani akalia.

"Huyu ni nani?"

"Mtu mmoja ameachwa."

"Mpeleke mbele."

Wakampeleka mbele, analia harakaharaka kama kuku, hadi wakafika kwa mchungaji, kwenye vigelegele, kwenye kwaya. Kisha mzee mmoja akakohoa, akasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi. Mimi Batholomeo si mtu wa maneno..."

Sidonia akabonyeza, akaisimamisha.

"Baba alifariki mwaka uliofuata. Sauti yake haipo popote isipokuwa humu. Mwanzo kulikuwa na sala yake, alituombea tukiwa tunatoka nyumbani, dada zangu wanaimba njiani. Kote huko sasa ni huyu anayelia?"

"Kote," Paskazia akasema. "Nisamehe, dada."

"Wewe ulirekodi?"

"Hapana."

"Basi usiombe radhi isiyo yako."

Simu ikalia. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, lakini jina lilisomeka vizuri: Fabi. Paskazia akaipokea, akaongeza sauti ya simu.

"Paska, usikate, nakuomba. Sijala tangu Jumamosi. Nimevunjika vipande. Yule mwanamke hakuwahi kunielewa, moyo wangu ni..."

Sidonia akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Baba Niko."

"Sidonia? Mama Niko, sikiliza, nitakueleza, mimi nimeumia sana..."

"Nyamaza kidogo."

Paskazia akainamia simu.

"Usikate, Fabi. Kuna wimbo wa siri mwishoni. Anayekata mapema ni mshamba."

Sidonia akaiweka simu kwenye spika ya redio, akabonyeza. Mzee akaendelea, taratibu, anatafuta maneno:

"Fabian, mwanangu, nakupa huyu kwa mikono miwili. Mimi sijui mapenzi ya vijana. Najua siku zingine utamchoka. Siku hiyo usimtupe njiani. Niletee mwenyewe hapa nyumbani, nitampokea. Kwangu hakuwahi kuwa mzigo."

Kaseti ikafika mwisho, ikazima. Kwenye simu mtu alikuwa analia kwa kwikwi, na hakuna aliyemuuliza ana nini. Sidonia akasema:

"Nguo zako ziko kwenye gunia. Mtume Henry."

Akakata. Akamrudishia Paskazia simu yake, akaingia jikoni, akatoka na kisu kidogo cha mboga. Mnaokumbuka kaseti mnavikumbuka vile vidude viwili vya plastiki mgongoni, ambavyo vikiondolewa kanda hairekodiwi tena. Alichokoa cha kwanza kikaruka kwenye karanga. Akachokoa cha pili.

"Basi," akasema. "Hakuna mtu atakayelia tena juu ya baba yangu."