Ubao Mkubwa wa Endara

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na Adèle tulishuka bondeni kuteka maji. Yeye alibeba bidoni ya njano, mimi ya bluu, na tulipiga domo njia nzima mpaka watu wakatuita chanda na pete. Nilidhani hakuna jambo la Adèle nisilolijua.

Mwaka huo wa 2001 vita vilikuwa vimetimiza miaka mitatu, na tangu vianze mtaa wetu wa Kimemi, hapa Butembo, haukuwa umefanya sikukuu ya mavuno. Zamani, kila Agosti, maharage yakishavunwa, watu wote wa mtaa walikutana kiwanjani: Washi waliokuja kufanya biashara, Wahunde, Wapere na sisi Wanande, kila watu na ngoma yao. Sasa wazee walikuwa wamekubaliana ifanyike tena.

Ngoma yetu ni endara, marimba kubwa ya mbao zinazopangwa juu ya vigogo viwili vya mgomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mwenye endara alikuwa babu yangu Nzanzu, ambaye tulimwita Sokulu. Vita vilipoanza aliifungua, akatugawia watoto mbao zake kumi na mbili tuzifiche nyumbani, maana askari, basoda kama tunavyowaita, walichoma kila kipande kikavu cha mti walichokiona. Mimi alinipa ubao mkubwa kuliko wote, wenye sauti nzito. Baba yangu ndiye aliyeuchonga kabla ya kuuawa katika njia ya Beni. Lakini nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara, karibu na kambi, nami nilimwomba Adèle aniwekee kwao bondeni. Nilimchagua mimi mwenyewe.

Kila Jumapili baada ya ibada Sokulu alituuliza, "Batoto, mbao ziko?"

"Ziko, Sokulu!" tuliitikia, Adèle naye.

Siku moja kabla ya sikukuu tulizileta mbao uani kwetu. Adèle alikuja mikono mitupu, akilia.

"Basoda balikuya kwetu jana," alisema. "Balibeba kuni yote, na ule ubao pia."

Sokulu alikaa chini. Mimi nilimkumbatia Adèle, nikalia naye. Kwetu mtu akiporwa hupelekewa chakula cha pole, kwa hiyo mama yangu alijaza beseni unga wa muhogo, akanituma kwa kina Adèle.

Nilimkuta mama yake jikoni. "Pole, mama, kwa mambo yenye basoda balifanya jana."

"Basoda gani, Katungu?" alishangaa. "Huku hapana musoda mwenye alifika."

Hapo ndipo nilipokiona. Kando ya mafiga kulikuwa na kipande cha mti, cheusi upande mmoja, kikitumika kuegemeza sufuria. Kilikuwa na mikato mitatu ambayo baba aliiweka kwenye kila kazi yake. Nilipogeuka, Adèle alikuwa amesimama mlangoni.

"Adèle, hii njo nini?"

"Pardon, Katungu. Mama alikuwa na malaria. Mvua ilinyesha siku mbili, kuni ikaisha. Niliupasua, nikamupikia uji."

"Lini?"

"Wiki tatu zimepita."

"Wiki tatu! Na kila Jumapili unasema iko?"

"Niliogopa utaniacha."

Uji ningeusamehe, maana nani atamwacha mama yake alale na njaa? Lakini zile Jumapili tatu hazikupita kooni. Na machozi niliyolia begani kwake saa ile! Nilijiona mjinga. Niliweka unga chini, nikachukua kile kipande, nikaondoka. Sikumuaga.

Nilimweleza Sokulu yote. Alikigeuzageuza kipande mkononi. Kisha alituma Adèle aitwe.

"Kama ungesema, mutoto, ningekuambia umefanya vizuri kuponesha mama yako," alimwambia. "Wiki tatu zinatosha kuchonga ubao na kuukausha juu ya moto. Muti tulikuwa nao. Lakini hizo siku ulituibia. Kesho utasema mwenyewe mbele ya batu."

Kesho yake kiwanja kilijaa. Endara yetu ilikuwa na pengo kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino. Adèle alisimama mbele akayasema yote. Wengine walimzomea. Sikumtetea.

Kisha mzee Malachie, kiongozi wa wapigaji wa Wapere, alitoka upande wao akiwa amebeba ngoma yao yenye sauti nzito. "Nzanzu, tuone kama hii itajibu," alisema, akaiweka penye pengo.

Nikaipiga. Ilijibu. Tulicheza mpaka Washi na Wahunde wakaingia kati, na Sokulu alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Mimi nilifurahi, lakini moyo uliniuma, kwa kuwa ile haikuwa sauti ya baba.

Baada ya siku nne Sokulu alimaliza kuchonga ubao mpya, ungali mbichi, akatuita watoto wote uani atugawie mbao tena. Nilinyoosha mikono niupokee. Alinipita, akampa Adèle.

"Sokulu! Kwake tena?" nilisema kwa uchungu.

"Kwake," alijibu, akamtazama Adèle. "Utauweka juu ya moto wa kwenu. Ule moto wenye ulikula ubao wa kwanza utakausha wa pili. Kila Jumapili nitauliza. Ukiharibika, unasema siku ileile. Musikie wote: kosa lenye linasemwa mapema linapata dawa. Lenye linafichwa linakula hata siku za kutafuta dawa."

Jumapili iliyofuata tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa. Adèle alikaa mwishoni kabisa, peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa sijamsemesha.

"Batoto, mbao ziko?"

"Ziko, Sokulu!"

Adèle hakuitikia. Alitazama miguu yake, kisha akainua uso. "Sokulu, wangu umeanza kupasuka kidogo, pembeni. Nimeuona leo asubuhi."

"Vizuri," alisema Sokulu. "Ulete leo. Tungali na wakati."

Nilisogea kwenye benchi, nikamwachia Adèle nafasi.