Ndege ya Jumatano

Asubuhi ile mjini Khovd, Oyuna alichemsha chai ya maziwa kama kawaida. Akasahau kutia chumvi, ingawa kwao chai hainyweki bila chumvi. Mama mkwe wake, Bibi Dulmaa, akainywa hivyo hivyo. Wote wawili walikuwa na hofu.

Anujin, mtoto wa Oyuna, ana miaka sita. Moyo wake una tundu. Madaktari wageni wamekuja Ulaanbaatar, mji mkuu. Watampima Alhamisi saa nane mchana na kumpasua Ijumaa, kisha wanarudi kwao. Atakayewakosa atasubiri mwaka mzima. Je, moyo wa Anujin utasubiri?

"Tupande ndege ya Jumatano," Oyuna alisema.

"Jumatano hapana!" Bibi akajibu. "Lama wa hekaluni ameangalia kalenda. Jumatano ni mbaya kuanza safari. Jumanne ni njema, na Alhamisi ni njema."

"Jumanne hakuna ndege, Mama."

"Basi Alhamisi. Ndege inaruka saa nne asubuhi. Hewani ni mwendo wa saa mbili na nusu. Saa sita na nusu mmefika. Wasiwasi wa nini?"

Jirani yao Tsetsgee, anayepima mizigo uwanja wa ndege, alikuwa mlangoni. Hakungoja kukaribishwa.

"Bibi, umehesabu ndege tu. Hujahesabu safari."

"Haya, mpima mabegi! Siku hizi unapima na safari za watu?"

"Napima. Kwanza, saa za Ulaanbaatar ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Saa yako ikisema sita na nusu, ya daktari inasema saba na nusu."

Bibi akaweka kikombe chini. Jambo hilo alilijua, ila hofu ilimsahaulisha.

"Halafu mngoje mizigo. Halafu uwanja mpya wa kule uko mbali na mji, kama kilomita hamsini. Si kama ule wa zamani. Na foleni ya magari ya kule unaisikia! Na upepo ukichelewesha ndege je?"

Oyuna akaweka birika chini. "Tutamkosa daktari," alisema, akaanza kulia.

"Sitaki mjukuu wangu afe kwa foleni," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Lakini pia sitaki aondoke siku mbaya. Nifanyeje?"

Tsetsgee akasema, "Kwani wazee wetu walifanyaje, Bibi? Siku njema ikiitangulia siku ya safari, msafiri alitoka na mzigo wake siku hiyo, akalala kwa jirani. Safari imeshaanza. Jumanne waje kwangu. Jumatano hawaanzi, wanaendelea."

Bibi akacheka. "Kumbe una akili, mpima mabegi."

Jumanne, Bibi alirusha maziwa nyuma yao kwa kijiko cha mbao, ndiyo baraka ya msafiri. Walikwenda nyumba ya pili tu, lakini alilia kana kwamba wanakwenda ng'ambo. Kesho yake wakapanda ndege.

Alhamisi upepo wa vumbi ukavuma Khovd, na ndege ya siku hiyo ikachelewa. Saa nane ya Ulaanbaatar, abiria wake walikuwa bado angani. Oyuna alikuwa ameketi mbele ya daktari, Anujin yuko mapajani.

Jumamosi simu ya Bibi ikalia.

"Mama, tundu limezibwa. Ameamka, ameomba supu. Sasa muulize lama, turudi siku gani?"

Bibi akajifuta machozi.

"Siku atakayosema daktari," alisema. "Siku yoyote mtakayokuja naye ni njema."