Aliyecheza Nafasi ya Kinubi

Ujumbe uliingia mchana, Kinubi akiwa kitandani na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ulitoka kwa Shangazi, mpambaji wake wa miaka yote: "Mwanangu, ngozi yako ina nini siku hizi? Leo tena poda imekataa kushika. Lakini pale makaburini umetuua! Mpaka fundi taa amelia."

Aliusoma, akaurudia. Hakuwa ametia mguu kwenye seti ya filamu tangu daktari alipomkuta na vinundu kooni na kumpiga marufuku kusema. Kunong'ona tu, tena kwa shida.

Jina la Kinubi alilipata ukumbini, enzi za tamthilia, alipokuwa binti mwembamba wa kucheza vijakazi: anaingia na sinia, anatoka. Siku mwigizaji mkuu alipougua ghafla, alisukumwa yeye jukwaani, na alipofungua kinywa, hata waliokaa viti vya nyuma waliacha kutafuna karanga. Mwongozaji wa tamthilia ile ndiye aliyekuja kumwoa. Wakatoka jukwaani wakaingia kwenye runinga, kutoka runinga wakaingia kwenye filamu, na mumewe alizoea kutamba mbele za watu, "Mimi ni macho tu. Sauti ni huyu."

Mumewe aliporudi, Kinubi alimwonyesha ujumbe. Mume akacheka juu juu.

"Shangazi naye anazeeka. Tumechukua binti mmoja, tunampiga picha kwa nyuma. Wewe pumzika, mama."

Kinubi akaamini. Mtu uliyelala naye miaka yote hiyo, utaanzia wapi kumshuku?

Ila nyumba ilikuwa imebadilika. Gauni jeusi la mjane, alilopaswa kulivaa kwenye filamu, alilikuta kabatini limelowa, linanuka nywele zilizoungua. Alilianika. Kesho yake lilikuwa kabatini tena, limelowa vilevile. Na asubuhi moja, mumewe akiwa ameshatoka, alisikia maji yakimwagika bafuni, akadhani bomba limesahauliwa, akaenda kulifunga, lakini kabla hajagusa kitasa akasikia ndani ya mlio wa maji mtu akisema maneno ya yule mjane, polepole, kama anayeyaonja, na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, sauti yake ya kabla ya vinundu, safi kama alivyozoea kuisikia ikimtoka kifuani, na alipojiwekea kiganja mdomoni kuhakikisha kwamba midomo yake imefumba, maji yakakatika, sauti ikanyamaza, na mtu wa upande wa pili akaanza kuukwaruza mlango kwa kucha, taratibu, palepale usawa wa shavu lake.

Alitoka na ndala, akasimamisha teksi, akaenda moja kwa moja kwenye seti.

Alijibanza nyuma ya mataa. Mbele yake, kando ya kaburi la mbao, alipiga magoti yeye mwenyewe. Bega lake. Shingo yake. Hata ule mtindo wa kushika pindo la gauni kabla ya kulia. Mumewe akasema, "Kata!" kisha akamfuata yule mwanamke, akamfuta jasho kwa kitambaa chake, akambusu paji la uso kwa upole ambao Kinubi alikuwa ameshausahau.

Shangazi aligeuka na kopo lake la poda, wakagongana macho. Akatazama kule, akatazama huku.

"Toba," alinong'ona. "Mwanangu, kama wewe uko hapa, mimi nampaka nani?"

Akamtoa Kinubi kwa mlango wa nyuma. Jioni waliingia nyumbani kwa Kinubi wakiwa na mganga, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyebeba chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Alinusa hewa sebuleni, akamgeukia mume wa Kinubi, aliyekuwa ametangulia kurudi.

"Huyu hakuvamia. Amekaribishwa. Na nani?"

Mwongozaji aliinamisha kichwa. "Filamu ilikuwa katikati. Wenye pesa walitaka kumnyang'anya Kinubi nafasi, wampe mwigizaji mwingine. Nikaenda mahali, nikaomba."

"Uliomba nini?"

"Kinubi mwenye sauti."

"Si ungenisubiri?" Kinubi alisema kwa mkwaruzo wa koo. "Daktari amesema itarudi."

"Na kama isingerudi?"

Shangazi akaanza kumtukana. Mganga akamnyamazisha kwa mkono.

"Aliyemkaribisha ndiye atakayemtoa. Akiingia, mtazame usoni umwambie: toka, si mke wangu. Mara moja tu. Neno hilo likishatamkwa halirudi kinywani."

Hawakungoja sana. Mlango ulifunguka, akaingia kwa mwendo wa Kinubi, akaweka mkoba pale Kinubi anapouweka, akaketi akitazamana naye.

"Mbona mmenuna?" aliuliza.

Ndiyo ile sauti. Mwongozaji alifumba macho akiisikiliza, kama mtu mwenye kiu aliyesikia maji.

"Sema," mganga akamhimiza.

Mwongozaji akasimama. Akamtazama yule aliyeketi ameinua kidevu, mzima, mwenye kung'aa. Akamtazama huyu mwingine, macho yamemtumbukia, shali shingoni. Shangazi aliubana mkono wa Kinubi hadi ukauma. Kisha mwongozaji akamgeukia mkewe. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Toka," alisema. "Si mke wangu."

Chetezo kilimponyoka mganga. Hakuna taa iliyozimika, hakuna upepo uliovuma. Ni miguu ya Kinubi tu iliyoinuka yenyewe na kumtoa nje, na alipotaka kukishika kitasa arudi ndani, mkono ulikataa kufika.

Alihamia kwa Shangazi. Sauti ilirudi kweli, nzito, yenye makovu, na kikundi kimoja kidogo cha ukumbini kikampa nafasi za mama wakwe na wachawi. Filamu ya mjane ilijaza majumba ya sinema. Hakwenda kuiona.

Alasiri moja mwongozaji alibisha hodi. Alikuwa amekwisha, shati linamning'inia kama limeazimwa.

"Yule halali usingizi," alinong'ona, akitazama nyuma. "Anasimama miguuni pa kitanda mpaka kunakucha, ananisemesha kwa sauti ya marehemu mama yangu. Nimemfukuza, Kinubi. Nimemfukuza mpaka nimechoka. Anacheka tu. Anasema mgeni ulishamtoa, aliyebaki ni mkeo."

Kinubi alishika mlango kwa mikono miwili. Kwa kitambo kidogo alimwona kijana aliyemsukuma jukwaani, yeye akiwa bado na sinia lake la kijakazi mkononi. Kisha akaona gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na ndani yake mwanamke mwenye uso wake, asiyezeeka, akimpungia mkono kama anayeaga watazamaji.

"Nenda nyumbani," Kinubi alimwambia. "Mkeo anakusubiri."

Akafunga mlango. Kupitia dirisha alimwona akivuka barabara, kichwa chini, na mlango wa gari ukifunguliwa kutoka ndani.