Aliyebaki Shimoni

Ovaroli ilikuwa imelowa jasho. Fundi wa lifti aliigusa, akahisi bado ina joto la mwili. Tangu kampuni imwachishe kazi, ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, haijavaliwa na mtu.

"Umeivaa wewe?" alimuuliza mkewe.

"Niivae niende wapi, baba watoto? Harusini?"

Walicheka kidogo, basi. Bila mwajiri, ombi lao la ukaazi wa kudumu lingetupwa, nao wangefungasha virago pamoja na binti yao, ambaye hakuijua nchi nyingine yoyote.

Mchana msimamizi wake wa zamani alipiga simu. "Fundi, wewe ni kiboko! Tumekufukuza, na bado kila siku nakuona unashuka kwenye shimo la lifti! Bosi amesalimu amri. Kazi umerudishiwa, na barua ya uhamiaji anaisaini."

Fundi hakuwa amekanyaga pale tena. Alifungua mdomo aseme hivyo, akamwona binti yake akichora sakafuni, akajibu, "Nashukuru sana." Hapo ndipo alipoharibu, ingawa mimi simlaumu, mwenye mtoto humeza mengi.

Mkewe aliinusa ile ovaroli. Ilinuka grisi, na nyuma ya grisi, maji yaliyooza. Akamvuta jikoni, akanong'ona.

"Siku ile ya kufukuzwa, ulitangaza?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mafundi wa lifti wana sheria yao: hakuna anayemaliza kazi shimoni bila kupaza sauti, "Nimetoka!", ndipo lifti iruhusiwe kutembea. Siku ile alipanda ngazi kwa hasira, akatupa spana, akaenda zake kimya.

"Basi kule chini wewe bado umo," mkewe alisema. "Na kuna kitu kimeshika nafasi yako. Nenda ukakitoe, mume wangu."

"Nikikitoa, kazi imekwisha. Ukaazi utoke kwanza."

Wakasubiri. Yeye alijificha nyumbani, kile kikaenda kazini. Siku moja binti aliuliza, "Baba, mbona jana ulinifuata kutoka shule na hukunisemesha?" Fundi aliinuka, akafunga mlango kwa komeo.

Hatimaye ukaazi ulikubaliwa. Mkewe akiwa bado analia kwa furaha, fundi alikimbilia lile jengo, akafungua mlango wa shimo, na kwa kuwa asingeweza kutangaza kuwa ametoka mahali ambapo hajaingia, akashuka ngazi ya chuma, huku ile harufu ya maji yaliyooza ikimpanda puani na pumzi ya mtu mwingine ikipanda na kushuka sawasawa na yake, mpaka nyayo zake zikagusa sakafu ya chini na ile pumzi ikakoma ghafla.

Akavuta hewa apaze sauti.

"Nimetoka!" sauti yake ilisema, kutoka mlangoni juu.

Lifti ikaanza kushuka.

Nyumbani, ufunguo ulizunguka mlangoni. Mume aliingia na ovaroli yake, akamkumbatia mkewe kwa nguvu.

"Kimetoka?" mke alinong'ona.

"Kimetoka. Sasa hakuna wa kutuondoa hapa."

Mke alifumba macho, akashusha pumzi. Binti alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama," alisema, "huyu ndiye yule aliyenifuata."