Noti Zenye Namba Ileile

Saa 4:10 asubuhi. Chumba cha nyuma ya saluni kilinuka spiriti. Kinyozi, mkubwa wa genge, alikuwa amechora ghala la nafaka sakafuni kwa chaki.

"Dakika sita. Mchomeleaji anakata sefu, mimi nawalaza watu chini. Dereva, usizime injini."

"Mwenye ghala akiita polisi?" aliuliza Dereva.

"Hataita."

Dereva hakuchimba zaidi. Kichwani alikuwa na mama yake, siku ya tisa mahabusu. Dalali wa barabarani alinunua maharage yake yote, gunia kumi na nane, akayeyuka. Mama alipokwenda kulipa ada ya mjukuu, noti zikakutwa bandia, zote na namba ileile. Namba hiyo Dereva aliijua kama jina lake. Fungu la leo lingemlipa wakili.

Saa 6:02 mchana. Waliingia.

Saa 6:08. Walitoka mbio na magunia mawili. Kinyozi alimrushia Dereva bunda dirishani.

"Kishika mkono hicho."

Dereva alisoma noti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zote namba ileile iliyomfunga mama.

"Mkubwa, hizi bandia."

"Sasa ulidhani? Mwenye ghala ndiye mchapaji, siku zote tulikuwa tukizinunua kwake. Atakwenda kushitaki wapi?"

"Utazipeleka wapi?"

"Kwa vibibi vya maharage. Havisomi namba. Msimu huu dalali wangu kamaliza mzigo mzima, hakuna aliyekohoa." Kinyozi alicheka, akarukia nyuma ya gari pamoja na Mchomeleaji. "Funga, twende."

Lilikuwa gari la kusambazia mikate, bodi ya bati, komeo kwa nje. Dereva alishuka, akalisukuma komeo kwa nguvu zake zote.

Saa 6:25. Gari lilisimama.

"Tumefika?" Mchomeleaji aligonga bati.

"Tumefika," alijibu Dereva. Akaacha ufunguo garini, akaingia mikono juu kituo cha polisi alimoshikiliwa mama.

Saa 9:40 alasiri. Mama alifunguliwa. Alimkuta mwanawe kaunta, pingu mikononi, ameshaeleza kila kitu, na yake mwenyewe hakuficha.

"Mama, wamekuachia," alisema Dereva.

Mama alizitazama zile pingu.

"Siku tisa nimelala kwenye saruji," alisema, "nawaapia hawa watu kwamba kwetu hakujawahi kutoka mwizi."

Akaokota viatu vyake alivyorudishiwa kaunta, akatoka nje peku.